Suti Nyeusi za Bwana Mselem

Bwana Mselem, tajiri aliyefadhili kikundi cha taarabu mjini Tanga, aliamuru wapigaji wote wavae suti nyeusi za sufu jukwaani. Asiyetaka, aondoke. Siku ya mazoezi mpiga ngoma akazimia kwa joto, na tajiri hakujali.

Makungu, mpiga fidla, akamwendea kwa adabu.

“Bwana, wageni nao wakivaa nyeusi, bawabu wa mlangoni atatutambuaje?”

“Nyeusi ni ya wapigaji peke yao.”

“Basi mwandikie bawabu hivyo. Na wavivu watakaokataa kupanda jukwaani?”

Tajiri akaandika: “Mwenye suti nyeusi ni mpigaji. Apandishwe jukwaani hata akikataa.” Akatia sahihi.

Jioni ya tamasha alishuka garini na suti yake nyeusi, aliyozoea kuivaa kila sherehe. Bawabu akamsomea karatasi.

“Mimi ndiye niliyeiandika.”

“Imesema hata ukikataa, bwana.”

Akakalishwa katikati ya ngoma, tari mkononi, jasho likimchuruzika. Wimbo wa kwanza haujafika kati, akamwinamia Makungu.

“Kuanzia kesho vaeni kanzu.”

“Kesho mbali, bwana,” Makungu akajibu, akiendelea kuvuta upinde. “Wimbo huu una beti kumi na mbili.”

Bwana Mselem akavua koti mbele ya ukumbi mzima. Wapigaji wote wakavua yao.