Karibu ya Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na kijisitu kikiitwa Pumzikapo. Kidogo tu, jamani! Hakina benchi, hakina kibanda, hakina hata bomba la maji. Njia moja ya miguu, kijito, na mawe bapa ya kutandikia mikeka. Lakini siku ya mapumziko, weee! Wanyama wote huko, wanatembea, wanacheza, wanakula vyakula walivyofungasha nyumbani.

Humo kwenye mawe aliishi Bi Pimbi na wanawe wawili. Umbo dogo, akili nyepesi.

Siku moja, gubu! gubu! gubu! Mzee Nyati huyo! Akazungusha ua wa miiba pande zote, akaacha lango moja, akaketi hapohapo.

"Kuanzia leo Pumzikapo ni pangu!" akanguruma. "Haingii mtu ila niliyemwambia 'karibu' kwa kinywa changu. Nikishamkaribisha, simtoi tena. Naapa kwa pembe zangu! Na wewe Pimbi, toka! Beba na sufuria lako!"

"Mzee wangu, wanangu watalala wapi?"

"Hayo yako!"

Bi Pimbi akalia kweli, si utani. Kisha akafuta machozi kwa kanga, akatabasamu. Ohoo! Akitabasamu yule, kaeni chonjo. Akaenda kuwanong'oneza majirani: "Kesho mchana piteni langoni mmojammoja. Msiombe kitu. Salimieni tu."

Kesho yake akainjika kande za nazi mbele ya lango. Toko, toko, toko! Harufu ikamwingia Nyati puani.

"Nini hicho?"

"Kande, mzee. Kazi yote hiyo ya kulinda, utakaaje na njaa? Kula."

Nyati hakungoja kubembelezwa. Nyam, nyam, nyam!

Akapita Twiga. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, karibu!" akajibu Nyati, mdomo umejaa. Ndivyo alivyolelewa na mama yake: unakula, mtu anapita, unamkaribisha.

Nyie mngejibu, "Asante, nimeshiba," mkaenda zenu. Twiga? Thubutu! "Asante, nimeshakaribia!" Huyo, ndani!

Akapita Ngiri. "Habari za mchana, mzee?"

"Njema, karibu!"

Ngiri ndani, mkia juu! Pundamilia, Kobe, Nyani na ukoo wake mzima. Karibu! Karibu! Karibuni!

Kande zikaisha. Nyati akageuka, akaona mikeka imetandikwa kila mahali.

"Ala! Nani kawaruhusu?"

"Wewe!" wakajibu wote. "Na umeapa kwa pembe zako!"

Nyati akatweta kwa hasira. Langoni walibaki Bi Pimbi na wanawe tu.

"Kumbe hizi kande zilikuwa na lake jambo! Basi wewe Pimbi sikukaribishi ng'o! Hata ulie mpaka kesho!" Akafumba mdomo, akakaza meno.

Watoto wakaanza kulia. Moyo wa Bi Pimbi du! du! du! Akiondoka hapa, hana nyumba tena. Akachukua sufuria lake polepole, akajitwisha, akawashika wanawe mikono. Akapiga hatua mbili, akageuka, akasema kwa adabu zote:

"Haya mzee, sisi tunakwenda. Kwaheri."

"Haya, karibuni tena," akasema Nyati.

Lo! Akajiziba mdomo kwa kwato. Wapi! Limeshatoka!

"Kasema! Kasema!" msitu mzima ukapiga kelele. Bi Pimbi na wanawe wakampita katikati ya miguu, vuup! mpaka kwenye mawe yao. Vigelegele vikapigwa hadi miiba ikatikisika, na jioni ileile Nyati akaing'oa mwenyewe, maana lango lake halikuwa na wa kumzuia tena.

Basi wanangu, mahali pa wote usipafanye pako peke yako, ulimi wako mwenyewe utakuumbua.