Firigisi ya Nakijwa

Hapo zamani, zahanati ilipokuwa moja tu kwa vijiji vitano vya milimani, Nakijwa alishikwa na maumivu ya kifua upande wa kushoto. Mama yake alikufa ameshika hapohapo. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alitwanga mahindi ya harusi ya binti yake huku ameuma meno, na chinichini akaanza kugawa vyungu vyake.

Mumewe, Senkondo, alimwona anakunja uso, akasema ni gesi, anywe tangawizi. Siku ya pili, gesi. Siku ya nane, gesi bado.

Wifi yake, Namkunda, alipopewa chungu hakushukuru. Alikaa jikoni akamhoji, akamhoji, mpaka Nakijwa akalia na kusema kweli: anaogopa ni moyo.

Senkondo kusikia neno moyo, hakuuliza tena. Alimbeba mkewe mgongoni akateremka naye mlima mzima, akipumzika mara mbili tu.

Huko zahanati, muuguzi Nambike hakucheka wala hakubahatisha. Aliuliza maswali, akapima presha, akausikiliza moyo bila haraka, kisha akabonyeza mbavu mojamoja. Nakijwa akaruka. Nambike akamwambia ni misuli iliyochoshwa na mchi. Moyo wake mzima. Apumzike. Na amefanya vyema kuja, maana maumivu ya kifua si ya kukisia nyumbani.

Harusi ikafana, Nakijwa akacheza mpaka kilemba kikamvuka. Kesho yake akachinjisha jogoo kuwashukuru wote watatu: mume, wifi na muuguzi. Basi kwao firigisi hupewa mwenye heshima kuliko wote, na haikatwi. Senkondo alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nimembeba mimi," akasema. "Mgongo huu hapa, uulizeni."

"Ulimbeba baada ya siku nane za tangawizi, kaka," akasema Namkunda. "Bila mimi ungembeba kwenda kaburini."

"Kwa misuli?" Nambike akauliza, anatabasamu. "Wewe ulimtoa siri, huyu akamtoa nyumbani. Hofu alikuwa nayo bado. Hiyo nimeitoa mimi."

Senkondo akakumbusha kwamba firigisi ya mwenye nyumba haijawahi kujadiliwa. Namkunda akamjibu kwamba leo imejadiliwa.

Nakijwa akasimama na sahani yake, anacheka, hajui aipeleke kwa nani. Na nyinyi msiniambie kwamba firigisi huliwa na baba; hilo sikuuliza. Nauliza hivi: kati ya hao watatu, nani aliistahili?