Ukoka wa Digidigi

Paukwa, wakubwa na wadogo!
Pakawa!
Paukwa tena, na walioko nyuma nao wasikike!
Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Digidigi. Digidigi huyu alikuwa na uwanja wa ukoka mbele ya nyumba yake. Ukoka mzito, ukoka laini. Hapo ndipo mwanawe alipojifunza kusimama. Anasimama, anaanguka, puu, haumii. Anasimama tena.

Jirani yake alikuwa Bi Kanga. Kanga alitaga mayai pembezoni mwa uwanja, chini ya kichaka, kwa idhini ya Digidigi mwenyewe. "Lalia hapo, shoga yangu. Hapa hakuna wa kukusumbua."

Masika yalikuwa yamekwisha. Digidigi akaona doa la manjano katikati ya uwanja. Akamwagia maji. Doa likakua. Akamwagia tena. Likazidi kukua, likawa kama upara. Digidigi akakosa raha.

Ngiri akapita njia. "Ukoka wako unakufa, bibi."

"Naona, bwana Ngiri. Sijui kinachouua."

"Hujui? Mbona kila asubuhi Kanga yuko hapo penye doa? Anachimbua tu."

Digidigi akaenda kuchungulia. Kweli, Kanga yuko pale, chaku chaku chaku, udongo unaruka. Moyo ukamchemka.

"Nimekupa mahali pa kulalia, nawe unanichimbia uwanja?"

"Shoga, nisikilize. Hapa ninakula..."

"Sitaki kusikia. Ondoka."

"Na mayai yangu? Yamekaribia kuanguliwa."

"Ondoka, nimesema."

Akamfukuza. Kanga akaenda, akageuka kutazama kichaka, akaenda zake ng'ambo ya korongo. Mchana uleule Kenge akayanusa mayai yasiyo na mwenyewe. Akayala yote, Digidigi akamwona akiondoka.

Digidigi akangoja ukoka upone. Haukupona. Madoa yakaungana. Siku moja mwanawe akakimbia, akateleza, na ukoka ukabanduka chini ya miguu yake kama mkeka. Akaangukia udongo mtupu, akalia.

Digidigi akashika nyasi kwa meno, akavuta. Zikaja bila kazi, hazina mizizi. Akafukua kwa kwato. Mabuu! Meupe, manene, yamejikunja kama pete. Huku mabuu, kule mabuu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakikata mizizi. Na hayo ndiyo Kanga aliyokuwa akiyala.

Digidigi akakaa chini.

Kisha akainuka, akavuka korongo, akamkuta Kanga.

"Shoga, nimekukosea. Nilikufukuza kabla sijatazama. Kumbe ni mabuu yanayoua ukoka, na mwanangu ameangukia udongo mtupu."

"Mayai yangu je?"

Digidigi akainamisha kichwa. "Kenge aliyala."

Kanga akatazama ng'ambo, kule kwenye kichaka. Mwishowe akasema, "Twende. Mwanao hana kosa."

Wakaenda, Kanga na ndugu zake. Chaku chaku chaku, toka asubuhi hadi jua la utosi. Kanga akasema, "Majani yakiliwa juu, hao ni viwavi. Nyasi zikibanduka, mabuu yako chini. Usimwage maji kila siku, mabuu hupenda udongo mbichi. Wala usiule ukoka mpaka chini kabisa, mizizi itakosa nguvu."

Digidigi akafuata. Mabuu yakapungua. Akapanda pingili mpya za ukoka kwenye mapengo. Vuli ikanyesha, uwanja ukajaa ukoka tena, mtoto akakimbia.

Kanga huja kila asubuhi, hudonoa, huzungumza na Digidigi vizuri tu. Lakini pale hakutaga tena. Jua likipinda hurudi ng'ambo ya korongo. Digidigi humsindikiza mpaka ukingoni, wala hamwombi abaki.

Basi, wakubwa na wadogo, kitu chako kikiharibika, kichunguze mpaka chini kabla hujamtaja wa kumlaumu. Ukoka ulipandwa ukaota. Mayai ya Kanga hayakurudi.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nimenyamaza.