Chokaa Mgongoni mwa Silikanti

Enzi hizo samaki aitwaye silikanti aliishi juu, penye mwanga, na mwili wake ulikuwa wa buluu tupu. Siku moja Kidawa, silikanti mwenye watoto watano, alikuwa akipaka pango lake chokaa, ukuta mmoja umekwisha na wa pili unangoja, alipoingia jirani yake Chewa akihema. Papa ameonekana mtaani, alisema, na watoto wako wamekimbilia Shimoni, kule chini kusikofika jua.

Kidawa hakulia. Kilio kingengoja. Aligeuka kwa kishindo, ndoo ikapinduka, chokaa ikamrukia mwili mzima. Chewa akamwambia angalau anawe kwanza.

"Nitanawa nikirudi nao," alijibu, akashuka.

Kule chini maji yalikuwa mazito, na mapezi yake, membamba kama ya samaki yeyote, hayakufua dafu. Akayakita maweni, akajisukuma jiwe kwa jiwe, hata mashina yake yakajaa nyama kama mikono. Macho akayatoa mpaka yakang'aa. Akaita. Kimya. Akawaita kwa majina. Kimya.

Hapo ndipo alipokumbuka. Ni yeye aliyewafundisha kwamba gizani haitikiwi sauti ya usiyemwona, hata ikijua jina lako. Katika yote aliyowahi kuwafundisha, walishika hilo moja, na siku ya kulishika ikawa leo.

Alibaki pale kwenye mlango wa shimo, chokaa ikimng'aa gizani. Mara kisauti kikasikika mwambani. Alikuwa Somoe, kitinda mimba wake.

"Huyu ni mama. Tazameni, kajipaka chokaa yeye badala ya ukuta."

Wakamrukia wote kwa pamoja. Kidawa akaegemea jiwe. Akawakumbatia, na chokaa mbichi ikawashika nao, kila mmoja kwa namna yake. Juu hawakurudi. Papa hapendi giza, alisema Kidawa, na ule ukuta wa pili anayeutaka aupake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo silikanti hukaa mapangoni, kwenye kina kirefu, na macho yake yanayong'aa na mapezi yake yenye nyama. Madoa meupe hayajamtoka, na hakuna wawili wenye madoa sawa. Wala hatagi mayai akayaachia maji. Wanawe huwabeba tumboni mpaka waweze kuogelea wenyewe. Na chakula kikishaandaliwa, mama huwapitia kwa madoa yao, mmoja mmoja, mpaka kitinda mimba. Wamo wote. Ndipo wanakula.