Wimbo wa Mtoto wa Siku Nne

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na huyo anayesinzia mfinyeni. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa na meno, palikuwa na kijiji ambacho maiti hashuki kaburini mpaka aimbiwe wimbo wake. Si wa jirani, wake. Mwimbaji alikuwa Bi Sikuzani. Ukifiwa, alikuja kukaa nawe jikoni, akauliza marehemu alipenda nini, alikohoaje, aligombana na nani. Kisha akatunga. Wimbo ukishaimbwa, basi, haurudiwi tena.

Mhunzi mmoja, Shekue, akaona kazi hiyo ni ndefu na jua ni kali. Akafua mtu wa chuma, akamsimamisha makaburini miaka saba. Chuma kikasikiliza, kikasikiliza, kikasikiliza. Mwaka wa nane kikaanza kutunga chenyewe, kwa sauti tamu kama asali. Watu walilia mpaka kamasi. Nacho hakikuuliza kitu, wala hakikula ubwabwa wa mtu. Bi Sikuzani hakuitwa tena. Akafa bila mwanafunzi, na aliyemwimbia ni chuma.

Basi Mwanatumu, mke wa mhunzi huyo huyo, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya nne mtoto akafa.

Kaburi likachimbwa, dogo mno. Chuma kikaimba jinsi mtoto alivyokimbiza vifaranga uani. Wanawake wakajipiga vifua. Mwanatumu akamkumbatia maiti wake.

"Mwanangu hakukimbia. Simtoi."

Kikaimba jinsi mtoto alivyomwita mama mlangoni.

"Mwanangu hakuita. Simtoi."

Kikaimba macho ya mtoto, yalivyong'aa asubuhi.

"Mwanangu hakufumbua macho. Simtoi."

Kunguru aliyetua juu ya mkwaju akacheka. Akasema mbio zile ni za mtoto wa mfinyanzi, wito ni wa binti wa Mwinjuma, na macho ni ya bibi arusi aliyezama mtoni. Yeye hakosi maziko, anavijua vipande vyote vya nyimbo za Bi Sikuzani.

Shekue akamwinamia mkewe, akamwambia taratibu kwamba kila mtu amelia, na jua linazama.

"Mpe ardhi, mke wangu. Wimbo ni mzuri."

"Mzuri, baba. Lakini utamshusha nani nao?"

Basi Mwanatumu, ambaye akiimba hata mbuzi walikimbia uani, akaanza yeye. Siku nne. Ulinukia maziwa. Ulinishika kidole hiki, ukakikaza, kama mtu anayeogopa kuanguka.

Chuma kikasogea, kikainamisha sikio.

"Hapo pa kidole, mama," kikasema. "Rudia, nipashike."

Mwanatumu akafunga mdomo. Akamtazama yule wa chuma, akamtazama na mumewe aliyemfua. Kisha akaingiza uso ndani ya sanda, akaweka midomo kwenye sikio la mtoto, akammalizia wimbo huko huko. Hata Shekue hakusikia neno. Alipokwisha, akashuka kaburini na mwanawe, akamlaza kwa mikono yake.

Msidhani chuma kilivunjwa. Kilizidi kuitwa, kikazidi kuwa kitamu. Mwanatumu ndiye ambaye hakuimba tena, hata akitwanga.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mabega na aiinue.