Nusu ya Ndevu za Mfalme

Isome, kisha mpelekee yeyote aliyepata cheo juzi na tayari amesahau ni nani waliompa.

Zamani wenyeji wa Kirundwe walichoka kuuana kwa ajili ya maji ya mfereji. Wakamchagua Mavura awe mfalme. Kila nyumba ikampelekea mikuki yake, naye akaahidi kumlinda kila mtu na kilicho chake.

Amani ikaja kweli. Kisha cheo kikamnogea.

Asubuhi ya baraza, Nakunda, mjane aliyekuwa akimnyoa, alipata habari kwamba shamba lake la migomba limetwaliwa liwe bustani ya mfalme. Shamba hilo ndilo lililowalisha wanawe. Hata hivyo alichukua wembe akaenda kazini, maana ilikuwa mwiko mfalme kuingia barazani na ndevu.

Akamnyoa shavu moja, ndipo akauliza, "Mfalme wangu, shamba langu limekosa nini?"

"Lako?" Mavura akacheka, kidevu juu. "Mama Nakunda, binadamu ni fisi. Bila kuniogopa mngetafunana hadi leo. Mlicho nacho, hata hiyo pumzi, nimewapa mimi."

"Wote ni fisi?"

"Wote."

"Hata mimi?"

"Unataka nikubembeleze? Hata wewe."

Nakunda akaufuta wembe taratibu. "Basi naomba ruhusa niondoke. Fisi hafai kukaribia shingo ya mfalme." Akauweka wembe chini, akasubiri jibu mlangoni.

Nje ngoma ya baraza ikaanza kulia. Mavura akajipapasa: shavu moja laini kama la mtoto, la pili kichaka. Akamwita mkuu wa walinzi. Jitu lile likashika wembe, likasogea. Mfalme akautazama mkono ule mnene, akakumbuka maneno yake mwenyewe, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Weka chini! Toka!"

Akajaribu mwenyewe. Akajikata.

Ngoma ikalia tena, safari hii kwa pupa.

"Mama," akasema, damu ikimchuruzika kidevuni, "miaka yote hii umenishika shingo. Mbona hukunichinja?"

"Kwa sababu shingo ni yako, mfalme."

Mavura akarudi kitini, mdogo kuliko alivyoinuka.

"Haya. Nimekupa shamba lako."

"Hujanipa kitu. Umeacha kuninyang'anya, basi. Inua kidevu."

Funzo: Mamlaka ya mkubwa hutoka kwa watu, lakini haki za watu hazitoki kwa mkubwa. Anayeamini kwamba watu wote ni fisi, na ajinyoe mwenyewe.