Ada ya Mtu Mmoja

“Laki sita hizi ni zangu, na chuoni naenda mimi!” Siwatu aliipiga meza ngumi, vipande vya sabuni vikaruka.

Hapo zamani, na wala si zamani sana, mabinti watatu wa mama mmoja walikuwa wakipika sabuni ya nazi uani kwao. Walikubaliana hivi: faida ya oda kubwa ya kwanza imsomeshe mmoja wao biashara mwaka mzima, kisha arudi awafundishe wenzake. Mmoja tu. Ada laki sita, na chuo kilipokea yeyote ajuaye kusoma na kuandika.

Siwatu, mkubwa wao, ndiye muuzaji. Alikwenda hoteli moja mara tisa. Mara nane alifukuzwa getini. Ya tisa akarudi na oda: vipande elfu sita, kila kimoja shilingi mia nane.

Raya, wa pili, ndiye mwenye daftari. Alipiga hesabu, akashika kichwa. “Dada, umetumaliza! Kipande kinatugharimu mia nane na hamsini. Nenda kapandishe bei.”

“Kwa uso upi? Nimeshatamka mia nane.”

“Basi tukate vipande vidogo.”

“Nimpunje mteja? Labda niwe nimekufa!”

Kibibi, mdogo wao, ndiye mpishi. Alichungulia daftari, akauliza, “Hii namba kubwa ni ya nini?”

“Kuni.”

Kesho yake akaenda kwa wakamua mafuta ya nazi, akaomba vifuu, yale magamba magumu ya nazi waliyokuwa wakitupa. Akavibeba kichwani siku arobaini, akapikia hivyo vifuu badala ya kuni. Gharama ikashuka hadi mia saba. Hoteli ikalipa, faida ikawa laki sita kamili.

Hapo ndipo meza ilipopigwa ngumi.

“Bila daftari langu mngefilisika huku mnachekelea,” alisema Raya. “Na hesabu ninazo tayari. Nitafaulu mimi.”

“Bila vifuu vyangu daftari lako lingeandika hasara tu,” alisema Kibibi. “Mnisamehe, dada zangu, lakini shingo iliyouma ni hii.”

“Bila miguu yangu mngeoga nayo wenyewe, sabuni yenu!” alisema Siwatu. “Darasa la saba niliacha shule ili nyinyi msome. Sikuwahi kudai. Leo nadai. Nipeni ada yangu.”

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa. Fomu ilikuwa mezani, imejazwa yote, isipokuwa mstari mmoja.

Haya, mliosikiliza, msinizungushe: kwenye mstari ule liandikwe jina la nani?